Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: afya baada ya miaka hamsini hapa Bukavu

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunatoa benchi mbili nje ya ukumbi wa parokia yetu huku Kadutu, tunaweka meza, mashine ya tansio (presha ya damu), kipimo cha sukari na daftari. Mimi ni muuguzi, nina miaka 58, na ni mwaka wa 11 sasa nikikaa nyuma ya meza hiyo. Wanaokuja ni wa rika langu na waliotutangulia, na maswali yao ni yaleyale. Nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa na kuyapa namba, ili jibu moja likikutuma kwa lingine usipotee. Daktari anayekuona kwa macho yake na kukushika kwa mikono yake bado anahitajika.

## Vipimo vya kuanzia

1. Sisikii ugonjwa wowote. Nipimwe nini, na kwa nini?

Tansio, sukari, macho na uzito. Hivyo vinne havikosekani kwa mtu aliyevuka hamsini. Tansio ipimwe walau mara mbili kwa mwaka hata kama iko sawa. Sukari mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kama una tumbo kubwa, au kama baba, mama, kaka au dada anaugua sukari. Wanawake waongeze kipimo cha mlango wa kizazi (swali la 13) na wanaume wasome swali la 15.

Sababu ya kupimwa ukiwa mzima ni kwamba tansio na sukari haziumi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye tansio ya juu hawajui kwamba wanayo. Mwenye tansio 18 (namba hizi nazieleza swali la 2) anaweza kupanda kutoka soko la Nyamugo na mzigo, akacheka, akala vizuri, akalala vizuri. Kujisikia vizuri si kipimo. Nitalirudia neno hilo, mnivumilie.

2. Wameniambia "tansio 16 kwa 10", na kwingine wameandika "160/100". Ni mamoja?

Ni mamoja. Sisi huku tulizoea hesabu ya Kifaransa: 16 kwa 10 ndiyo 160 kwa 100. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapojikaza, ya chini ni pale unapolegea. Tunaita tansio ya juu pale namba inapofika 14 kwa 9 au kuzidi, katika siku mbili tofauti, mtu akiwa ametulia. Namba moja tu ikipanda, ya juu au ya chini, inatosha.

3. Mbona kila nikipimwa inatoka tofauti?

Mara nyingi kosa liko kwenye kupima. Mji wetu ni milima. Mtu anafika kwenye meza anahema, anakaa, ananyoosha mkono palepale huku akinisimulia habari za mjukuu. Tansio hiyo ni ya mlima na ya mazungumzo.

Inavyotakiwa: nenda haja ndogo kwanza. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kaa dakika tano, mgongo ukiegemea, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane. Mkono uwe wazi bila shati la mikono mirefu, ukilazwa juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee. Tupime, tungoje kidogo, tupime tena. Kama muuguzi ana haraka, mwombe kwa upole akuache utulie. Ni haki yako, na mimi mwenyewe nimewahi kukumbushwa hivyo na mama mmoja aliyekuwa sahihi kabisa.

4. Nimemeza dawa mwezi mmoja, tansio imeshuka. Sasa niache?

Hapana. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo limetupotezea watu wengi.

Dawa ya tansio si kama dawa ya malaria, ambayo unamaliza siku zake na kuachana nayo. Ni kama jiwe unalolaza nyuma ya gurudumu la gari lililosimama mlimani. Gari halisogei kwa sababu jiwe lipo. Ukisema "gari limetulia, niondoe jiwe", unajua litakwenda wapi. Tansio imeshuka kwa sababu unameza. Ukiacha, ndani ya siku au majuma inarudi ilikokuwa, na wewe hutasikia chochote inapopanda.

Mama mmoja alikuja amefunga vidonge vyake kwenye ncha ya kitenge. Alifungua fundo polepole, vikatoka kumi na tatu, vingine vimeanza kusagika. Aliniambia: "Nameza siku kichwa kinaniuma." Kichwa kilimuuma mara mbili tu mwezi ule, kwa hiyo alimeza mara mbili. Tansio yake ilikuwa 19 kwa 11. Tulikubaliana ameze kila asubuhi anapoweka maji ya chai motoni, na vidonge vikae ndani ya kopo la majani ya chai lililokwisha, vikiwa kwenye karatasi yao. Mwezi uliofuata alikuwa 15, na mwezi wa tatu 13.

Kama dawa inakusumbua, usiiache kimyakimya. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Kaptoprili na enalaprili zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Dawa ya kutoa maji inakupeleka chooni mara kwa mara, basi imeze asubuhi. Kwa kila moja kuna nyingine ya kubadilisha. Rudi useme.

5. Sukari ikifika ngapi ndiyo ugonjwa?

Ukiwa hujala tangu usiku, walau kwa muda wa masaa manane: 126 au zaidi, mara mbili kwa siku tofauti. Karatasi nyingine huandika 1,26 kwa gramu, au 7,0 kwa milimoli. Ni kitu kimoja. Ukiwa umekula, 200 au zaidi pamoja na dalili (kiu, mkojo mwingi, kukonda) inatosha.

Ukiwa katikati, tuseme 115, usiogope wala usidharau. Hapo ndipo kutembea na kupunguza sukari kwenye chai vinaweza kukurudisha. Metformini, ambayo wengi huanzishwa, humezwa pamoja na chakula. Ukiimeza tumbo tupu inaharisha, na wengi wameiacha kwa sababu hiyo tu.

## Sahani yetu

6. Niache bugali?

Usiache. Punguza kipande. Tatizo la sahani yetu ni mlima wa bugali na kijiko cha sombe (majani ya muhogo) pembeni. Igeuze: nusu ya sahani iwe mboga (lengalenga, sombe, kabichi, bilinganya), robo maharagwe au samaki, robo bugali, kiasi cha ngumi yako. Wenye sukari wafuate hivyohivyo, na wasidanganywe kwamba bugali ya muhogo haina sukari kwa kuwa si tamu. Inageuka sukari tumboni kama ya mahindi na kama wali.

Kinachotuumiza zaidi ni vinywaji. Vijiko vitatu vya sukari kwenye chai, mara tatu kwa siku, ni vijiko tisa. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtu mzima akiweza asizidi gramu 25 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, karibu vijiko sita, na chupa moja ndogo ya sukre (soda) inazipita zote. Punguza nusu kijiko kila juma. Baada ya mwezi mmoja au miwili ulimi utazoea, na chai ya zamani itakuchukiza.

7. Chumvi kiasi gani?

Chukua kijiko cha chai, jaza chumvi, pitisha kisu juu kiwe sawa, mimina kwenye kisosi. Hiyo ni gramu 5, ya mtu mmoja kwa siku nzima, ikiwa ndani yake chumvi ya sufuria, ya mkate, na ya vile vipande vya Maggi. Nikiweka kisosi hicho mezani, akina mama hunyamaza kwanza. Nyumba nyingi mpishi anatia chumvi, anatia Maggi mbili, kisha baba anaomba chumvi tena mezani.

Makayabo ni chumvi yenye samaki ndani. Ukimpenda, mloweke usiku kucha na kubadilisha maji mara tatu. Badala ya Maggi tumia nyanya, kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, sereli, limau. Chumvi ya mezani iondoke mezani.

8. Mafuta ya mawese ni mabaya kwa moyo?

Mawese mekundu yana faida kwa macho, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoziba mishipa. Kijiko kimoja au viwili kwenye sufuria ya familia hakina ubaya. Sombe inayoelea kwenye mafuta, ndiyo mbaya. Na mafuta yaliyokaangia mandazi siku tatu hadi yakawa meusi, yamwage, hata kama yanauma mfuko.

9. Mifupa yangu inahitaji maziwa, na maziwa ni ghali. Nifanyeje?

Kula sambaza. Samaki huyu mdogo aliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo ametulisha. Kwa kuwa tunamla mzima, na kichwa na mifupa, anatupa kalisi (kalsiamu) ileile tunayoitafuta kwenye maziwa, pamoja na protini ambayo misuli ya mtu wa miaka sitini inaihitaji kuliko ya kijana. Mpike kwa nyanya badala ya kumzamisha kwenye mafuta. Ndagala mkavu naye ni mzuri, ila muoshe chumvi. Na toka juani kidogo, mikono wazi. Mwili unahitaji jua ili uitumie kalisi hiyo.

10. Kasiksi kidogo je? Ni ndizi tu.

Ni pombe. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama. Pombe inapandisha tansio, inaharibu usingizi, na inagongana na dawa nyingi. Sitamwambia mzee amwage kibuyu cha harusi ya mtoto wake. Nitamwambia isiwe ya kila siku, na asiendeshe chochote baadaye, hata miguu yake kwenye ngazi za usiku. Kanyanga, pombe kali ya kienyeji, ni kitu kingine: ikipikwa vibaya inaweza kuwa na sumu inayopofusha macho kwa usiku mmoja. Hiyo usiguse.

## Miguu, magoti na kuanguka

11. Napanda na kushuka milima kila siku. Bado nahitaji mazoezi?

Inategemea wewe ni nani. Akina mama wanaobeba mizigo kwa kamba kwenye paji la uso, kutoka sokoni hadi huko juu, hawahitaji mazoezi. Wanahitaji mizigo myepesi na siku ya kupumzika, na ningependa waume na watoto wao wasome mstari huu mara mbili.

Wengine wetu tumezoea pikipiki, ambayo huku tunaiita moto. Kutoka nyumbani hadi barabarani ni hatua hamsini, tunaita moto, basi. Kinachotakiwa ni dakika 150 kwa juma za kutembea kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Nusu saa, siku tano. Mlima wetu ukiupanda polepole ni dawa nzuri ya moyo. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, basi shuka kwa hatua fupi, au panda kwa miguu na urudi kwa moto.

Ongeza nguvu za misuli siku mbili kwa juma, kwa sababu baada ya miaka thelathini misuli hupungua kila miaka kumi, na baada ya sitini inapungua kwa kasi. Kaa kwenye kiti, mikono kifuani, simama, kaa tena, mara kumi. Ukishindwa kusimama bila kusukuma kwa mikono, umejua pa kuanzia. Bidoni ya lita 5 yenye maji inatosha kuwa chuma cha mazoezi ya mikono.

Vile vikundi vinavyokimbia alfajiri vikiimba barabarani ni furaha kubwa, na mzee anaweza kuvifuata kwa kutembea nyuma. Ila kama hujakimbia miaka ishirini, pima tansio kwanza.

12. Magoti yananiuma. Dawa gani nikanunue farmasi?

Anza na parasetamoli, kitambaa cha moto, kupunguza uzito, fimbo mkono wa upande ulio mzima, na zoezi la kiti la swali la 11. Goti lisilotumiwa linazidi kukakamaa.

Diklofenaki na ibuprofeni zinatuliza kweli, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukizimeza kila siku miezi mingi zinapandisha tansio, zinachoma tumbo hadi kutoa damu, na zinaharibu figo, hasa kwa anayemeza dawa za tansio. Siku chache ukiwa umeulizia, sawa. Kila siku kwa mwaka, hapana.

Mama yangu mkubwa aliuziwa vidonge vya magoti kwenye karatasi isiyo na jina, duka silitaji. Magoti yalipoa kwa juma moja na alicheza kwenye ubatizo. Miezi minne baadaye uso wake ulikuwa umekuwa duara kama mwezi, ngozi ya mikono imekuwa nyepesi inachubuka ukiigusa, na sukari yake ilikuwa juu ya 300. Ndani ya karatasi ile mlikuwa na deksametazoni. Usinunue kidonge kisicho na jina. Na kama umekuwa ukimeza za namna hiyo kwa muda mrefu, usiache ghafla; nenda kwa daktari akushushe kidogokidogo, maana mwili unaoacha ghafla unaweza kuanguka.

Ukianguka mara kwa mara: taa au tochi kando ya kitanda kwa kuwa umeme hukatika, viatu vinavyoshika mvua inaponyesha, ndoo chumbani badala ya choo cha nje usiku, na kukaa dakika moja kitandani kabla ya kusimama.

## Ya wanawake, ya wanaume

13. Hedhi imekoma. Bado nina haja ya kupimwa huko chini?

Ndiyo. Hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55 kwa wengi. Tunasema imekoma ikipita miezi 12 bila damu. Joto la ghafla, jasho la usiku, hasira za karibu na ukavu ni vya kawaida na kwa wengi hupungua baada ya miaka kadhaa. Ukavu unaofanya tendo la ndoa liume una dawa. Usivumilie kwa aibu, na usimwache mume adhani umemkataa.

Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi kinachokaa miaka mingi bila dalili. Kama hujawahi kupimwa, pimwa sasa, hata una miaka 55. Matiti uyajue kwa mkono wako: uvimbe mgumu, chuchu iliyoingia ndani, ngozi kama ganda la chungwa, usingoje mpaka iume.

Na hili likumbukwe: damu inayotoka baada ya hedhi kukoma, hata tone, si hedhi iliyorudi. Nenda juma hilohilo.

14. Nasikia kitu kinashuka chini nikibeba maji. Ni uzee?

Ni kizazi kuteremka, na tunawaona wengi: uzazi mwingi, mizigo mingi. Kina matibabu, kuanzia mazoezi na pete maalumu hadi upasuaji. Hospitali ya Panzi, ambayo Dokta Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, inajulikana duniani kwa kushona fistula, na hushughulikia pia kuteremka kwa kizazi. Wanawake wameishi nalo miaka ishirini wakikaa mwisho wa benchi kanisani. Hakuna haja.

15. Mzee wangu anaamka kukojoa mara nne usiku na hataki kwenda hospitali.

Huenda ni tezi la prostate limevimba, jambo la kawaida kwa wanaume wanaozeeka, na mara nyingi si saratani. Huenda pia ni sukari (swali la 5), au dawa ya kutoa maji anayomeza jioni. Kipimo cha kwanza ni rahisi. Mwambie kwamba mkojo ukiziba kabisa usiku wa manane ndipo atakapopelekwa kwa nguvu, akilia kwa maumivu, na ndipo gharama inapokuwa kubwa. Damu kwenye mkojo, aende bila kungoja. Wanaume wa asili ya Afrika wana hatari kubwa zaidi ya saratani hii, hasa kama baba au kaka aliugua.

Nguvu za kiume zikipungua, pima tansio na sukari kabla ya kununua mizizi sokoni. Mishipa ya huko ni myembamba, ndiyo inayolalamika mapema kabla ya ile ya moyo.

## Macho, kichwa, moyo uliochoka

16. Miwani ya sokoni inatosha?

Kwa kusoma Biblia na kutia uzi sindanoni, inasaidia. Baada ya arobaini karibu kila jicho linahitaji. Lakini haioni mambo mawili. Mtoto wa jicho ni ukungu unaoongezeka, na hutolewa kwa upasuaji mfupi. Glokoma huiba uwezo wa kuona kuanzia pembeni bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo macho yapimwe, siyo miwani tu ijaribiwe. Usitie jichoni maji ya majani, wala dawa ya matone ya jirani.

Moshi wa makaa na kuni unaharibu macho na mapafu pia. Pikia nje au mlango ukiwa wazi. Mbabula (jiko la makaa) usiingize chumbani kulala nayo wakati wa baridi ya Julai: hewa yake inaua mtu akiwa usingizini, bila harufu.

17. Mama anasahau, anauliza jambo lilelile, anapotea njia. Watu wameanza kusema ni mchawi.

Naandika hili kwa uzito wote nilio nao. Kusahau ni ugonjwa wa ubongo. Mwanamke mzee anayetembea usiku, anayeongea peke yake, asiyemtambua mjukuu, hajaruka na ungo. Amepotea ndani ya kichwa chake na anaogopa. Kuna wamama katika jimbo letu waliofukuzwa, wakapigwa, wengine wakauawa kwa neno hilo. Ukilisikia kwenye avenyu yenu, simama upande wake siku hiyohiyo, na umwite mkuu wa avenyu, padri, mchungaji, yeyote anayesikilizwa.

Kisha mpeleke. Si kila kusahau ni kwa kudumu: huzuni nzito, uziwi, tezi la shingo, upungufu wa vitamini, pombe na dawa fulani za usingizi huleta sura hiyohiyo na hutibika. Ikiwa ni kwa kudumu, msaidie kwa utaratibu: saa zilezile, nguo mahali palepale, jina na namba ya simu zikishonwa ndani ya kitenge. Usibishane naye. Akiuliza baba yenu yuko wapi, mwulize alikuwa mtu wa namna gani, mwache asimulie.

18. Silali. Nikisikia mlio nashtuka, nawaza watoto, kunakucha.

Wengi wetu hatulali. Tumezika, tumekimbia, tumesikia risasi. Mwili uliojifunza kukesha hausahau upesi, na huo si udhaifu wa imani.

Yanayosaidia: kuamka saa ileile kila siku hata ukiwa umelala vibaya, kuacha kahawa baada ya saa sita mchana, kuweka simu na habari zake mbali na mto, na kuwa na mtu wa kumwambia. Vidonge vya usingizi vya farmasi vinaanzisha kifungo na kuangusha wazee usiku. Ikipita majuma mawili huna hamu ya kula, ya watu, ya sala, au unatamani usiamke, hiyo ni hali ya kutibiwa. Hapa Bukavu kuna SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mabruda wa Upendo, na kwenda huko si kuwa "kichaa". Nimewasindikiza watu watatu mwenyewe, na ningekusindikiza wewe.

## Hali ngumu

19. Nitajuaje ni kiharusi, na nifanye nini?

Mwambie atabasamu: mdomo umeenda upande mmoja? Ainue mikono yote: mmoja unaanguka? Aseme sentensi: maneno yanagongana? Moja tu likiwepo, ni kiharusi hadi daktari aseme sivyo. Tazama saa ulipoona, kwa sababu hospitali itauliza. Mlaze kwa ubavu. Usimpe maji, chakula wala kidonge cha tansio. Atapaliwa, au tansio itashuka vibaya. Usimchanje masikio wala vidole. Tafuta gari. Kwenye pikipiki ataanguka. Akipona kabisa baada ya dakika kumi, bado aende, kwani hiyo ni onyo la kubwa linalokuja.

20. Ndugu yetu amekonda, ana kiu, hana nguvu. Wanasema amelishwa karuho, yaani sumu.

Kabla ya mganga wa sumu, pima sukari. Ni tone moja la damu na dakika moja. Kisha makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, na kipimo cha VVU. Nimeona watu waliotapishwa kwa dawa za majani juma zima, na sukari yao ilikuwa juu hadi mashine inashindwa kuisoma. Kutapika kwa mtu wa namna hiyo kunaweza kumuua. Familia ikishikilia karuho, sibishani nayo. Nasema: "Sawa, lakini kipimo kwanza."

21. Kanisani tunafunga siku tatu bila maji. Nina sukari.

Usifunge kavu. Ukiwa kwenye insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu, kama glibenklamidi, unaweza kupoteza fahamu: jasho, kutetemeka, kichwa kuzunguka, njaa kali. Hapo mpe mtu vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, akiwa bado anaweza kumeza. Zungumza na mchungaji au imamu wako waziwazi. Wengi niliowaendea walikubali mgonjwa afunge maneno au simu badala ya chakula. Anayekuambia uache vidonge ili kuonyesha imani, usimtii kwa hilo. Omba, na umeze.

22. Nikiharisha au nikitapika, niendelee na vidonge?

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hasa huku kwetu ambako kipindupindu hurudi kila mara. Wakati unapoteza maji, dawa ya kutoa maji, enalaprili na metformini zinaweza kuumiza figo, na kwa kawaida husimamishwa hadi uanze kula na kunywa. Insulini usiache bila kuuliza. Anza kunywa palepale: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa juu kwa kisu. Mwenye sukari naye anakunywa.

23. Insulini yangu itakaa wapi na umeme hakuna?

Chupa isiyofunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa hukaa karibu majuma manne mahali pasipo na joto, na usiku wetu wa Bukavu unasaidia. Chukua chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, jaza mchanga katikati, lowesha mchanga asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa chenye maji, weka kivulini penye upepo, mbali na jiko. Isigande kamwe. Insulini ile iliyo angavu kama maji safi, ikiwa na ukungu au vipande, itupe.

24. Tukikimbia vita je?

Andaa mfuko mdogo sasa, ukae karibu na mlango. Ndani: vidonge vya majuma mawili kwenye karatasi zao za asili, karatasi moja yenye majina ya dawa, kiasi na namba zako za mwisho za tansio na sukari, miwani ya akiba, vipande vichache vya sukari, jozi ya soksi, viatu vya kufunga. Kila mwezi ukinunua dawa mpya, za mfukoni zimeze na mpya ziingie mfukoni, zisije zikaisha muda. Piga picha ile karatasi, mtumie mtoto aliye mbali. Baba mmoja alivuka mto Ruzizi na karatasi hiyo tu, bila kidonge hata kimoja, na upande wa pili walimpa dawa ileile siku iliyofuata.

25. Pesa ni kidogo. Nianze na nini?

Kidonge cha tansio cha kila siku kwanza, chenye jina la dawa lenyewe badala ya jina la kampuni, kwani ni cha bei nafuu. Kabla ya vitamini, kabla ya sindano za nguvu, kabla ya dripu ya "kuosha damu". Mama wa kile kitenge na wenzake saba wa muso yao (kikundi cha kuweka akiba) waliamua mwaka jana kwamba sehemu ya akiba ya kila juma ni ya dawa. Mmoja wao huenda farmasi mara moja kwa mwezi na kununua kwa wote wanane, akiwa na daftari lenye jina la kila mtu na dawa yake, na hakuna aliyekosa kidonge tangu hapo. Wakija kwenye benchi yetu Jumamosi, wanakuja pamoja.